KILA KARATASI NA KAZI YAKE

Hotuba ya makatibu wa vijiji, iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Sisi tuliosimama mbele yenu ni makatibu wa vijiji vya kambi hii. Ndio wale mnaowagongea mlango jioni na kusema, "Katibu, niandikie kabarua." Kamati imetupa nafasi ya kusema leo, na tumeamua kusema juu ya kazi tunayoifahamu, yaani maandishi. Tunataka kueleza kwamba maandishi yako ya namna nyingi, kila namna ina kazi yake, na mkimbizi asiyejua tofauti hiyo anaweza kupoteza haki yake akiwa ameishika mkononi.

Siku hii tunayoiadhimisha nayo imetokana na maandishi. Tarehe 20 Juni 1974 ulianza kutumika Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1969. Bara la Afrika lilikuwa tayari na siku yake ya wakimbizi, na mwishoni mwa mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ukaamua kwamba tarehe 20 Juni iwe siku ya wakimbizi wa dunia nzima. Ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, Mkataba wa Geneva wa 1951 ulipotimiza miaka 50. Sisi ambao tulivuka Ziwa Tanganyika bila kitu zaidi ya nguo tulizovaa, tunaishi chini ya karatasi hizo mbili. Basi si aibu kwetu kukaa na kujifunza karatasi ni nini.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Zamani kidogo alitujia mama mmoja, mjane. Watoto wake wawili walikuwa hawakuandikwa kwenye kadi ya chakula, kwa hiyo nyumba ya watu watano ilikuwa ikipokea mgao wa watu watatu. Tulimhurumia sana. Tukamwandikia barua ya kurasa tatu. Tulianza kwa salamu na kumshukuru Mwenyezi Mungu, tukaeleza jinsi vita vilivyoanza kwetu mwaka 1996, jinsi mumewe alivyofariki, jinsi mtumbwi ulivyotaka kuzama, na katika ukurasa wa tatu, chini kabisa, tukaandika kwamba anaomba watoto wake wafikiriwe. Mama alisomewa barua ile akalia. Sisi tukadhani tumefanya kazi nzuri.

Barua ile ilikaa miezi minne bila jibu. Mwishowe mama alikwenda mwenyewe ofisini akiwa na watoto. Karani alimwuliza mambo matatu tu: namba ya kadi, majina ya watoto, na tarehe waliyofika kambini. Katika kurasa zetu tatu hakuna hata moja lililokuwamo. Tulikuwa tumeandika ushuhuda mahali palipotakiwa barua ya ombi. Nyumba ile ilikula chakula cha watu watatu kwa miezi minne kwa sababu ya kalamu yetu.

Tangu siku ile tulijiwekea maswali matatu, na kabla ya kuandika neno lolote tunayauliza. La kwanza: nani atasoma? La pili: akishasoma tunataka afanye nini? La tatu: karatasi hii itakaa wapi, na nani mwingine ataisoma baadaye? Mwenye kujibu maswali hayo atajua ni maandishi ya namna gani yanayofaa. Sasa tuzitaje namna hizo moja moja.

Kwanza, barua ya ombi na barua ya malalamiko. Wengi huzichanganya. Ombi ni kumwomba mtu jambo ambalo anaweza kulikubali au kulikataa, kwa mfano kuhamishiwa kijiji kingine karibu na ndugu. Lalamiko ni kusema kwamba lipo jambo linalonistahili, nalo halikutendeka, au nimetendewa isivyo halali. Barua ya malalamiko isiyotaja lini, wapi na nani ni kama moshi, kila mtu anauona na hakuna awezaye kuushika. Barua hizi zote mbili ni fupi. Kule kwetu tulizoea kuandika "Objet" chini ya anwani. Hapa Tanzania wanaandika "YAH", maana yake "yahusu". Mstari huo ndio anaousoma mkubwa wa ofisi kwanza, na siku yenye barua nyingi huenda asisome mwingine. Kwa mama yule ingetosha kuandika hivi: "YAH: Watoto wawili kutoandikwa kwenye kadi ya chakula." Kisha namba ya kadi, majina, umri, tarehe ya kufika, jambo linaloombwa, sahihi na tarehe. Nusu ukurasa. Na mwandishi abaki na nakala, na kwenye nakala hiyo apigiwe mhuri wa tarehe ya kupokelewa. Bila mhuri huo, barua ikipotea ni kama haikuandikwa.

Pili, kumbukumbu za mkutano. Waliofanya kazi serikalini kwetu wanazijua kwa jina la PV. Kazi ya kumbukumbu ni kushika yale yaliyoamuliwa ili watu wasiyakane kesho. Tunayo madaftari ya zamani yanayosema: "Mambo mengi yalijadiliwa kwa kirefu, kikao kikafungwa kwa sala." Sala ni njema, lakini daftari la namna hiyo halimsaidii mtu. Majirani wawili wakigombea mpaka wa bustani, wanataka kujua ni wazee gani walipima, lini, na waliweka alama wapi. Basi katika kumbukumbu andikeni waliohudhuria, ajenda, lililoamuliwa, atakayelitekeleza na lini. Matusi yaliyotupwa kikaoni yaacheni yaende na upepo, ila kama ndiyo yaliyokuwa shauri lenyewe.

Tatu, ripoti na risala. Hapa pia tumekosa mara nyingi. Risala inasomwa kwa sauti mbele ya mgeni, watu wakiwa wamesimama juani. Kwa hiyo iwe fupi, imkaribishe mgeni, ishukuru, itaje mafanikio, itaje shida mbili au tatu zilizo kubwa, imalizie kwa ombi. Sikio halibebi hesabu nyingi. Ripoti inasomwa kwa macho, mezani, na mtu mwenye kalamu mkononi. Humo ndimo pa kuweka hesabu: mabomba mangapi yanatoa maji na mangapi yamekauka, watoto wangapi wameacha shule na katika darasa gani. Katika ripoti sifa hazina kazi. Mtu akiandika "hali ni mbaya sana, maji hakuna," msomaji hawezi kufanya kitu. Akiandika kwamba katika mabomba sita mawili yamekauka tangu wiki ya kwanza ya mwezi, fundi anajua aende wapi. Tumewahi kumsomea mgeni hesabu za mabomba mpaka akasinzia, na tumewahi kupeleka ofisini ripoti iliyojaa shukrani. Zote mbili hazikuleta maji.

Nne, maelezo ya mkimbizi mwenyewe, yale anayoyatoa anapoulizwa kwa nini alikimbia. Ndugu zetu, hapa tunaomba masikio yenu yote, maana hapa ndipo penye hatari.

Mkataba wa 1951 unamtaja mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au asili yake, dini yake, utaifa wake, kundi la jamii alilomo, au mawazo yake ya siasa. Mkataba wa Afrika wa 1969 ukaongeza mtu aliyelazimika kukimbia kwa sababu ya uvamizi kutoka nje, kukaliwa na wageni, kutawaliwa na wageni, au machafuko makubwa katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Maafisa wanaouliza maswali wana maneno hayo kichwani. Wanataka kujua ni nini kilikupata wewe, wapi, nani alikifanya, na kwa nini huwezi kurudi. Wanalinganisha unayosema leo na uliyosema siku ulipoandikishwa.

Kijana mmoja alitujia tumwandikie maelezo yake. Kisa chake kilikuwa cha kweli, na kilitosha. Lakini sisi tuliona kimepungukiwa na utamu. Hakukumbuka tarehe ambayo kijiji chao kilishambuliwa, tukamwekea tarehe. Alisema alisikia bunduki akakimbia porini, tukaandika kwamba aliona kwa macho. Siku ya mahojiano aliulizwa tarehe, naye akasema ukweli kwamba haijui. Aliulizwa aliona nini, akasema alisikia. Karatasi ikasema lile na mdomo ukasema hili. Faili lake likakaa likisubiri, na yeye akaitwa tena na tena kama mtu anayedanganya. Hakudanganya yeye, tulidanganya sisi kwa kutaka kumsaidia.

Kwa hiyo tunasema mbele ya kambi nzima: katika maelezo, sema uliloliona kuwa uliliona, ulilolisikia kuwa ulilisikia, na usilolijua sema sijui. Kama hukumbuki tarehe, sema ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga, au wiki chache baada ya Pasaka. Msinunue kisa cha mtu mwingine, hata mkiambiwa kwamba kisa hicho kimewafikisha watu Marekani au Kanada. Na kama katibu yeyote kati yetu akikuongezea neno, mkataze. Maelezo ni yako, kalamu ni ya kuazima.

Tano, fomu. Watu wengi huogopa barua wala hawaogopi fomu, kwa kuwa fomu imekuja tayari imechapwa. Sisi tunaona ingekuwa kinyume chake. Barua inaomba, lakini fomu yenye sahihi yako inasema umekubali. Dole gumba ni sahihi kamili, na mtu asiyejua kusoma anafungwa nayo sawa na mwalimu. Kabla ya kuweka dole uliza: hii ni fomu ya kitu gani? Je, ni ya kupokea blanketi, ni ya kuhesabiwa, au ni ya kurudi nyumbani? Mkataba wa 1969, katika kifungu chake cha tano, unasema kwamba kurudi nyumbani kwa mkimbizi ni kwa hiari, na hakuna atakayerudishwa bila ridhaa yake. Fomu ndiyo inayoionyesha hiari hiyo. Mtu anayetaka kurudi aiweke sahihi akiwa amesomewa mpaka mwisho, na mkewe au mumewe akisikia. Na asiyetaka asiweke dole kwa sababu tu foleni ni ndefu na jua ni kali.

Sita, ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Wazee wanaukumbuka vizuri kuliko vijana, maana siku hizi simu imechukua sehemu kubwa ya kazi yake. Hata hivyo, wapo bado waliopotezana na ndugu zao wasiojua namba yoyote. Karatasi ile haifungwi, inakwenda wazi, na inasomwa kabla ya kupelekwa. Ndiyo maana haipokei siasa wala habari za majeshi, ni habari za jamaa peke yake. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia watu waliotenganishwa na mipaka ya vita walipewa nafasi ya maneno 25 tu. Jaribuni kuandika maneno 25 kwa mama yako. Utaona kwamba yanayobaki ni yale yenye maana: nani yuko hai, nani amezaliwa, nani ametutangulia, tuko wapi. Usiandike "fulani na fulani walituchoma nyumba." Andika "sote wanne tu wazima, mtoto wa Furaha amezaliwa." Yule wa kwanza atazuiwa njiani, na wa pili atafika.

Tunawaona vijana wengine wakiguna kwamba haya yote ni kukata maneno na kuficha uchungu. Sivyo. Tunataka kila uchungu uwekwe mahali ambapo utafanya kazi. Tuwape mfano. Mwaka 1859 Henry Dunant, raia wa Uswisi, alipita Solferino kule Italia siku ya mapigano makubwa, akaona majeruhi maelfu wamelala bila wa kuwafunga vidonda. Mwaka 1862 alitoa kitabu. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni ushuhuda wa yale aliyoyaona, bila haya. Kisha, kuelekea mwisho, akaacha kusimulia akaanza kupendekeza: vyama vya kujitolea viundwe wakati wa amani ili viwahudumie majeruhi wakati wa vita, na mataifa yakubaliane juu ya kanuni. Mwaka 1863 ikaundwa kamati iliyozaa Msalaba Mwekundu, na mwaka 1864 mataifa yakatia sahihi mkataba wa kwanza wa Geneva. Dunant alitumia namna mbili za maandishi, kila moja mahali pake. Angeishia kwenye ushuhuda, watu wangelia wakafunga kitabu. Angeanza na mapendekezo matupu, huenda wasingemsikiliza.

Namna ya saba, na ya mwisho, ni maandishi yetu wenyewe kwa ajili yetu wenyewe. Mtatambua kwamba katika zile sita zote, swali linatoka ofisini na sisi tunajibu. Tukiandika hizo tu, watoto wetu watakuja kutujua kama namba za kadi. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, wale walioitwa maboi, kilimpa mmoja wao, André Yav, kazi ya kuandika historia ya mji wao. Aliandika kwa Kiswahili cha huko huko, kilichochanganyika na Kifaransa, kama walivyokisema jikoni na mitaani. Hawakuwa maprofesa. Walikuwa wapishi na madobi walioona kwamba mji ule ulijengwa mbele ya macho yao na hakuna aliyewauliza. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikitoa kitabu chao pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wanahistoria wanakisoma.

Je, sisi tumeandika nini? Wazee waliojua jinsi vijiji vyetu vilivyogawanywa siku za kwanza, nani alichimba choo cha kwanza, shule ya kwanza ilivyoanzia chini ya mti, wanatutoka kila mwaka. Hapo, ndugu zetu, hamna mstari wa YAH wala nusu ukurasa. Hapo andika kurasa tatu, andika thelathini. Mtumbwi uliotaka kuzama unafaa humo. Mume wa mama yule mjane anafaa humo, kwa jina lake na sifa zake. Zile kurasa tatu tulizomwandikia hatukuzitupa. Tulimwomba ruhusa, akakubali, nazo ndizo ukurasa wa kwanza wa daftari ambalo tunaomba leo liitwe Daftari la Kambi. Andikeni kwa Kiswahili, kwa Kibembe, kwa Kifuliiru, kwa Kirundi, kwa lugha yoyote ambayo bibi yako angeielewa. Asiyejua kuandika aje aseme, sisi tutaandika kama alivyosema bila kumwongezea tarehe.

Mwisho tunayo maneno machache kwa watumishi wa mashirika, na tunayasema kwa heshima. Nanyi pia mnaandika. Tangazo likibandikwa ubaoni kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili cha kisheria chenye sentensi ya mistari saba, watu wanasimama mbele yake, wanatazamana, halafu uvumi unafanya kazi ambayo tangazo lilishindwa kuifanya. Tunaomba tangazo liseme nani anahusika, aje wapi, lini, na alete nini. Lisemwe pia kwa kipaza sauti, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Penye neno "lazima" pawe lazima kweli, na penye "anaweza" watu waambiwe kwamba wana hiari. Na barua zetu mkizipokea tunaomba mhuri, hata kama jibu ni hapana. Mtu aliyejibiwa hapana anajua afanye nini kesho, lakini asiyejibiwa anarudi kutugongea mlango tumwandikie nyingine.

Kwa upande wetu tunaahidi mambo mawili. Kila Jumamosi baada ya saa nane tutakaa kwenye banda la kamati na kumfundisha yeyote anayetaka kujiandikia barua, akina mama wakitangulia, kwa sababu wao ndio wanaoagiza barua nyingi kuliko wote. Na tutamsomea kila mtu barua yake mpaka neno la mwisho kabla hajaiweka dole. Tungefurahi sana kuona siku ambayo hakuna atakayehitaji kalamu yetu.